Utetezi wa Shwari ya Mwisho wa Safari

Mwanzoni mwa mwaka 1806, Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliandika katika daftari lake orodha ya nguvu za upepo ambayo mpaka leo, baada ya marekebisho mengi, hutumiwa na mabaharia na watabiri wa hali ya hewa duniani kote, na katika orodha hiyo kimbunga kiko kwenye namba 12 ilhali shwari, yaani hali ya bahari isiyo na upepo kabisa au yenye upepo usiofika mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa, imepewa sifuri. Hukumu hiyo haijawahi kukatiwa rufaa. Kimbunga, ambacho huvunja milingoti, hung'oa nanga na kuwafanya watu wazima wamkumbuke Mungu waliyemsahau tangu utotoni, kimepewa alama za juu kabisa kama mwanafunzi bora wa darasa. Shwari, ambayo haijazamisha mtu, imewekwa mkiani pamoja na wale ambao hawakufika kwenye mtihani. Makala haya yanakusudia kuirudishia heshima yake, hasa ile shwari inayostahili heshima kuliko zote, ambayo hukifikia chombo cha starehe katika siku za mwisho za safari ndefu, wakati maji ya kunywa yamepungua, vitunguu vimekwisha, na nchi kavu iko karibu kiasi cha kunuka.

Kazi ya namna hii si ngeni katika historia ya maandishi. Lucian wa Samosata alimsifu nzi, Synesius wa Kurene, aliyekuja kuwa askofu, alisifu upara, naye Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima ambamo upumbavu wenyewe unasimama mbele ya hadhara na kujimwagia sifa. Ikiwa nzi amepata wakili, shwari haina sababu ya kuona haya, tena ina ubora mmoja kumshinda, kwamba haimfuati mtu mezani.

Chombo cha starehe, kwa maana inayotumika hapa, ni mashua ya matanga yenye chumba cha kulala na jiko dogo, ambayo mwenyewe hapakii shehena wala hatozi nauli, bali hutumia fedha nyingi ili apate kula vyakula vya makopo, kulala kwenye kitanda chenye unyevu na kuamshwa usiku wa manane kwa zamu ya usukani. Mtu aliyejichagulia maisha hayo bila kushurutishwa na yeyote hana haki kubwa ya kulalamika anapocheleweshwa kuyaacha. Hoja hii, ingawa ni fupi, ingetosha kuifunga kesi, lakini shwari ina hoja nyingine zilizo bora zaidi.

Kwanza ni vyema kueleza makao yake. Katika maeneo ya ikweta jua huipasha bahari joto kali, hewa ikapanda juu badala ya kuvuma, na hivyo kukatokea ukanda wa shwari, mvua na ngurumo unaosogea kaskazini na kusini kulifuata jua kadiri miezi inavyopita. Hewa ile iliyopanda husafiri huko juu kisha hushuka tena karibu na nyuzi 30 za latitudo, kaskazini na kusini, na pale inaposhuka pia haivumi, ndiyo maana kuna ukanda wa pili, ambao mabaharia wa Ulaya waliutungia simulizi kwamba merikebu za Kihispania, zilipokwama humo na kuishiwa maji, ziliwatosa farasi baharini. (Farasi hawakuulizwa maoni yao, na kwa kweli kama wangeulizwa makala haya yangekuwa magumu zaidi kuyaandika.) Anayerudi Ulaya au Marekani ya Kaskazini baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hulazimika kuvuka kanda zote mbili, na hii ya pili imekaa karibu na mwisho wa njia, mithili ya bawabu, ikimsubiri msafiri aliyekwisha kunyoa ndevu kwa kudhani kwamba keshokutwa atakuwa mjini.

Ushahidi bora kuliko wote ni wa Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Nova Scotia aliyezoea merikebu kubwa za mizigo kabla ya kuijenga upya kwa mikono yake mashua kuukuu iliyoitwa Spray, yenye urefu wa mita 11 na ushei, na kung'oa nayo nanga Boston tarehe 24 Aprili 1895 akiwa peke yake. Huyo ndiye mtu wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia kwa matanga bila mwenzake, katika safari iliyozidi maili 46,000. Mwezi wa Juni 1898, alipokwisha kuiacha Antigua na kubakiwa na kipande cha mwisho tu cha bahari kabla ya pwani ya Marekani, shwari ilimkamata katika ukanda ule wa pili, mahali ambapo magugu ya baharini huelea kwa wingi, ikamshika siku nane. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1900 alieleza kwamba jioni baada ya jioni alikaa sitahani akisoma kwa mwanga wa mshumaa. Haikuwa taa ya chemni wala fanusi iliyozungushiwa kioo. Ulikuwa mshumaa mtupu, katikati ya Atlantiki. Msomaji anayeishi kando ya bahari, ambaye amewahi kujaribu kuwasha kiberiti ufukweni wakati wa kusi, atatambua uzito wa ushahidi huo bila kuongezewa neno.

Kisha upepo ulirudi, na matendo yake yamehifadhiwa katika kitabu hicho hicho. Ilikuja dhoruba, kamba inayoushikilia mlingoti kwa upande wa omo, yaani mbele ya chombo, ikakatika, na mzee wa miaka 54 akalazimika kuupanda mlingoti ili aitengeneze, kisha tarehe 25 Juni, karibu na Fire Island katika pwani ya New York, akapigwa na kimbunga kikali cha ghafla kilichokuwa kimepita mjini muda mfupi uliotangulia. Alipoingia bandari ya Newport baada ya usiku wa manane wa kuamkia tarehe 27 Juni, Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na mlango wa bandari ulikuwa umetegwa mabomu ya majini, hivyo akapita kwa kuyaambaa majabali. Hesabu na ifanywe kwa haki: kati ya mambo yaliyomkuta Slocum mwezi huo, yaani dhoruba, kamba iliyokatika, kimbunga, mabomu na shwari, ni moja tu lililompa nafasi ya kusoma.

Katika siku hizo hizo nane aliiona kwa mbali merikebu kubwa yenye matanga yote, nayo imekwama, ikakaa kwenye upeo wa macho kwa siku tatu. Hapa shwari inadhihirisha uadilifu ambao upepo haujawahi kuwa nao. Upepo humpendelea mwenye mlingoti mrefu na tanga pana, yaani, kwa lugha iliyo wazi, humpendelea mwenye fedha, na katika mashindano ya mashua za starehe aliyenunua matanga mapya mwaka huu humwacha nyuma aliyetia viraka yale ya mwaka juzi. Shwari huwaweka wote wawili mahali pamoja, wakitazamana, mpaka watakapozoea. Hata waandaaji wa mashindano wanalijua hilo, kwani katika yale yanayopita kwenye mikondo mikali, kama ya Fastnet nchini Uingereza, imewahi kuonekana mara nyingi kwamba upepo ukikatika na maji yakaanza kurudi kinyume, mabaharia hodari hutia nanga katikati ya mbio, kwa kuwa aliyesimama kabisa huwa anawapita wote wanaorudishwa nyuma. Hakuna mchezo mwingine ambamo mshindi hupatikana kwa kutupa chuma chini na kunywa chai.

Haifai kuficha kwamba shwari ina kelele. Bahari mara nyingi hubakiwa na mawimbi mapana na laini yaliyotumwa na dhoruba ya mbali, na chombo kisicho na upepo wa kukiegemeza huyumba ubavu kwa ubavu bila kupumzika; kila kinapoyumba, tanga hujaa pumzi ya uongo, kisha huikosa, na boriti inayolinyoosha tanga kwa chini huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kugota kwenye kamba yake kwa kishindo kinachosikika mpaka kwenye meno ya aliyelala. Kikombe huteleza mezani hadi ukingoni, husita, kisha hurudi. Aliye zamuni hushika usukani usiotii, kwa sababu ubapa wa usukani hufanya kazi pale tu maji yanapoupitia, na maji hayo sasa hayaendi popote. Akiuzungusha kulia, omo huelekea kushoto kwa sababu zake yenyewe. Maganda ya viazi yaliyotupwa baharini baada ya kifungua kinywa huwa bado yapo ubavuni wakati wa chakula cha mchana, na wakati wa jioni yanaanza kufahamika moja moja. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari kutokana na vyombo, ujulikanao kama MARPOL, umeandikwa kwa kurasa nyingi na viambatisho kadhaa, lakini somo lake hueleweka haraka zaidi kwa mtu aliyelazimika kukaa siku nzima karibu na taka zake.

Lakini ndani ya kelele hizo ndimo zinamofanyika kazi ambazo upepo huzivuna baadaye kana kwamba ni zake. Chombo kilichokaa baharini kwa miezi huota majani ya kijani chini ya usawa wa maji, pamoja na viumbe wadogo wenye magamba wanaong'ang'ania mbao au rangi kwa ukaidi mkubwa, na uchafu huo hukipunguzia mwendo kila siku ipitayo. Hauwezi kukwanguliwa chombo kikiwa mwendoni. Ni katika shwari tu ambapo mtu anaweza kujifunga kamba kiunoni, kuzama na chuma bapa mkononi, na kukwangua tangu shetri hadi omo, mwenzake akiwa amebaki sitahani, kwa kuwa wote wakiogelea pamoja na pumzi kidogo ya upepo ikatokea, chombo kinaweza kuondoka bila wao. Siku upepo unaporudi na mashua ikaonekana kuongeza mwendo, sifa zote huenda kwa upepo. Shwari haidai.

Ni wakati huo pia ambapo fulusi, samaki wenye rangi ya dhahabu na buluu wapendao kukusanyika chini ya chochote kinachoelea, huja kujibanza kwenye kivuli cha mashua, na chakula cha jioni hupatikana kwa ndoano moja. Neema hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa ghala la chakula katika majuma ya mwisho ya safari ni mahali pa majonzi. Karatasi za makopo huwa zimebanduka kwa unyevu, na mabaharia makini huyaandika kwa rangi kabla ya kuondoka, lakini wapo wasio makini, na hao hufungua kopo la mchana wakitumaini samaki na kupata vipande vya nanasi, au hukoroga uji wao wakauwekea maharage. Kitunguu cha mwisho hugawanywa kwa mjadala mrefu. Safari ikiwa na upepo mzuri, mambo haya huvumiliwa kwa haraka na kusahaulika. Shwari huwapa watu muda wa kuyazungumza kikamilifu, kuanzia nani aliyenunua makopo hayo mpaka nani aliyependekeza safari yenyewe.

Kuna pia suala la kufika. Kifaa cha kuonyesha mahali kwa setilaiti, ambacho kwa majuma mengi kimekuwa kikitaja siku, saa na dakika ya kuwasili, katika shwari huacha kutabiri na kuonyesha vistari tu, kwa sababu umbali wowote ukigawanywa kwa mwendo wa sifuri hautoi jibu. Ni kifaa pekee cha kisasa kinachokiri ujinga wake hadharani. Wakati huo huo simu, ikiwa pwani haiko mbali, huanza kudaka mtandao, na hapo hapo zikaingia kwa mkupuo bili, salamu za rambirambi zilizochelewa, matangazo ya mikopo na ujumbe wa jamaa wanaouliza zawadi. Msafiri aliyekuwa akilaani ukosefu wa upepo tangu asubuhi hujikuta akiitazama taa ya mnara wa pwani kwa macho mengine. Bandarini anasubiriwa na bendera ya njano, ambayo kila chombo kinachotoka nchi za nje hutakiwa kuipandisha mpaka maofisa wa afya, uhamiaji na forodha wamalize nacho, na hakuna fomu hata moja kati ya hizo inayoweza kuletwa mahali ambapo mashua haijafika. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi.

Bernard Moitessier, Mfaransa aliyeshiriki mashindano ya kuizunguka dunia bila kusimama yaliyoandaliwa na gazeti la Sunday Times la Uingereza mwaka 1968, alilielewa jambo hili kuliko wengi. Alipokuwa amekwisha kuipita Rasi ya Horn na kubakiwa na njia ya kurudi Ulaya, ambako alikuwa na nafasi nzuri ya kupata zawadi ya pauni 5,000, aliamua kutofika. Akageuza mashua, akaendelea kuelekea mashariki mpaka Tahiti, ambako alitia nanga mwezi wa Juni 1969. Zawadi ilikwenda kwa Robin Knox-Johnston, ambaye kati ya washindani tisa ndiye pekee aliyemaliza, kwa mashua iliyojengwa Bombay, tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, katika bandari ya Falmouth, na mara alipofika maofisa wa forodha walimwuliza anatoka wapi, ingawa alikuwa ameondoka hapo hapo. Uamuzi kama wa Moitessier unahitaji moyo wa pekee, na pengine familia yenye subira ya pekee. Shwari humfanyia mtu wa kawaida, bila kumtaka ushujaa wowote, kile ambacho Mfaransa yule ilimbidi akichague mwenyewe.

Wapinzani wa shwari hukimbilia historia, na ni kweli kwamba huko wana mashahidi. Katika safari yake ya tatu, mwezi wa Julai 1498, Christopher Columbus alikwama karibu na ikweta kwa muda wa siku nane hivi, kwa joto lililopasua mapipa. Shahidi mzito zaidi ni Vasco da Gama, ambaye alivuka kutoka Malindi hadi India mwaka huo huo kwa chini ya mwezi mmoja, kwa msaada wa rubani aliyempata Malindi na upepo wa kusi uliokuwa unaanza, lakini katika kurudi alitumia karibu miezi mitatu, tangu mwanzoni mwa Oktoba mpaka Januari 1499, akipambana na shwari na pepo za omo, yaani zile zinazovuma kutoka kule chombo kinakokwenda. Watu wake wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba fizi unaoletwa na ukosefu wa matunda na mboga, na waliobaki walikuwa wachache mno hata merikebu moja ikabidi ichomwe moto kwa kukosa wa kuiendesha. Hakuna anayeweza kuyafanyia mzaha mauti hayo. Lakini hakimu mwadilifu angeuliza nani aliyeamua kuondoka India wakati kaskazi haijaanza, jambo ambalo nahodha yeyote wa majahazi ya Lamu au ya Suri, Omani, angelikataa hata kwa malipo maradufu. Shwari ilikuwa nyumbani kwake, katika mwezi wake. Mgeni ndiye aliyeingia bila hodi.

Kwa sababu hiyo adui wa kweli wa shwari si upepo, ambao huheshimiana nayo na kupishana nayo, bali injini ya dizeli iliyofichwa chini ya ngazi ya mashua nyingi za siku hizi. Mwenye kuiwasha hujinunulia mwendo mdogo kwa bei ya kelele, harufu na joto chumbani, tena hutumia mafuta aliyoyaweka akiba kwa ajili ya kuingilia bandarini, ambako miamba na meli kubwa haziruhusu mchezo. Wapo wanaoiwasha saa ya kwanza. Wapo wanaosubiri siku ya pili kwa ajili ya heshima. Na wapo wachache, wanaochukiwa sana na wenzao chomboni, wanaokataa kabisa.

Atakayependa kuonja shwari ya mwisho wa safari karibu na nchi za Waswahili hahitaji kwenda Atlantiki. Kati ya kaskazi na kusi, hasa mwezi wa Aprili, na tena kati ya kusi na kaskazi mwishoni mwa mwaka, kuna majira ya maleleji, ambayo wengine huyaita tanga mbili, wakati pepo zinapobadilishana zamu, zikivuma huku na huku au zisivume kabisa. Mashua inayoondoka Mahé, Shelisheli, katika majira hayo ikielekea Mombasa ina mwendo wa kilomita 1,750 hivi mbele yake, na ina nafasi nzuri ya kuishiwa upepo katika kilomita za mwisho, usiku, huku taa za mji zikiwa zinaonekana. Hapo nahodha atalala akiamini kwamba chombo kimesimama. Lakini katika pwani hiyo mkondo wa bahari huelekea kaskazini, na haumsubiri mtu apate upepo. Asubuhi yake huenda akaiona Kilifi, na asipokuwa na bahati, au akiwa nayo, kesho yake akaamkia mbele ya Malindi, ambako itambidi awaeleze maofisa, akiwa na karatasi zilizoandikwa Mombasa kila ukurasa, jinsi mtu asiye na upepo alivyoweza kupitiliza.